Hamisi, usiinunue hiyo mota ya waipa

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salaam sana, na shemeji mpe salamu zake. Huku sote wazima. Nimekaa kimya mno, najua, lakini jana Rashidi kaniambia unataka kununua mota ya waipa, ile ya kufutia kioo cha gari, kwa ajili ya usukani unaouunda wa kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta, nikaona silali kabla sijakuandikia. Tafadhali, usiinunue.

Inavutia, sikatai. Ina nguvu na inakuja na gia yake. Basi tatizo ni hiyo hiyo gia: chuma chenye nyuzi za skrubu kinazungusha gurudumu la meno. Mota inalisukuma gurudumu vizuri tu, ila ukilishika wewe ulizungushe, linagoma. Na usukani lazima ukubali mikono yako na mota kwa wakati mmoja! Gari likianza kuteleza matairi ya nyuma, usukani unatakiwa ukimbie wenyewe mikononi mwako, uamue kuuzuia au kuuachia. Kwa waipa utashindana na gia tu, tairi hutalisikia.

Tafuta mota ya volti 24 isiyo na gia. Puli ndogo iwe kwenye mota, kubwa kwenye mhimili wa usukani, katikati mkanda wa meno. Kabla hujalipa, izungushe kwa vidole. Ikienda laini, beba. Ikikwamakwama, kule kukwama utakusikia kila unapokata kona.

Bodi ya kuunganisha usukani na kompyuta chukua Arduino Leonardo, maana kompyuta inaweza kuitambua moja kwa moja kama kifaa cha kuchezea gemu. Rashidi anasema potenshomita, kile kitufe cha kuzungusha kama cha sauti ya redio, inatosha kusoma mzunguko. Za kawaida huishia karibu nyuzi 270, na usukani wa kuigiza gari la barabarani huwekwa nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Funga enkoda, kihisi kinachohesabu mzunguko kwa mapigo ya umeme, ya mapigo 600 kwenye mhimili wenyewe: kila pigo husomwa mara nne, hivyo kila mzunguko unapata hatua 2,400, yaani 6,000 kwa nyuzi zote 900. Potenshomita kwenye bodi hiyo haivuki hatua 1,024.

Breki nayo weka kihisi cha uzito, kama cha mizani. Mguu hukumbuka nguvu uliyokanyaga kuliko umbali pedali ilikoshuka. Hili nalipenda kuliko yote, lakini tulizungumze ukishamaliza usukani.

Na swichi ya kukata umeme wa mota iwe karibu na mkono, nakusihi. Amri mbovu ikiingia, usukani unageuka ghafla, na kidole gumba kikiwa ndani ya spoku kinaumia vibaya.

Sasa nijibu upesi: hiyo waipa umeshailipia, au umeahidi tu? Pawasaplai yako inatoa ampea ngapi? Meza utaifunga kwa bolti, au fundi wetu atakuchomelea fremu? Ule usukani wa gari la mzee bado unao? Na mguu wa mama unaendeleaje?

Wako,
Salimu