Paa la babu nimeliezua

Elburgon,
Juni 9.

Kwa ndugu yangu Odhiambo,

Salamu nyingi. Natumai joto la Kisumu halijawamaliza. Sisi huku tu wazima, na baridi ni ileile uliyoikimbia.

Nina jambo la kukiri. Lile paa la babu nimeliezua. Ndiyo, mimi niliyekuapia kwamba halitaguswa nikiwa hai! Lakini mvua za Aprili zilinishinda. Mama alikuwa amepanga sufuria tano sebuleni, na lile debe likahamia kitandani pako.

Usidhani vile vigae vya mbao vilikuwa vimeoza. Juu vilikuwa vya kijivu, vimeota kuvumwani, lakini nilipopasua kimoja kwa panga, ndani kilikuwa chekundu na kikanukia kama penseli iliyochongwa sasa hivi. Mtarakwa ni mti! Kilichokufa ni misumari. Imelika kwa kutu ikabaki kama sindano, vigae vikawa vinateleza kimoja kimoja kila upepo ukivuma. Fundi alivitoa kwa mikono mitupu, bila nyundo.

Vipya ningevitoa wapi? Hata katika mji huu wa mbao, viwanda vilinyamaza serikali ilipopiga marufuku ukataji miti kwenye misitu ya umma mwaka 2018. Nikaenda mabati. Muuzaji wa kwanza alinitajia geji 28, kumbe bati lenyewe limepigwa chapa ya 30. Unajua namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na mvua ya mawe ya huku haina huruma. Nikamrudishia yote. Kenchi hatukuzigusa, tulibadilisha fito tu.

Sasa sikia kituko. Asubuhi ya tatu, mbingu nyeupe, hata wingu hakuna, mama akaamka na tone puani. "Paa jipya na linavuja!" Nikampigia fundi simu kwa hasira. Akaja, akapitisha kiganja chini ya bati, akanionyesha kilivyolowa. "Hiyo si mvua, mama," akasema. "Ni pumzi zenu na mvuke wa chai." Kumbe vile vigae vilikuwa vikinywa unyevu wote wa nyumba na kupumua kwenye nyufa zake; bati likipata baridi ya alfajiri, mvuke unageuka matone na kushuka. Dawa yake ni dari, na kuacha hewa ipite juu yake. Mambo ya dari hayakuwa kwenye hesabu yangu.

Kelele nayo! Mvua ikianza, mama huzima redio, maana hasikii hata taarabu. Mimi nakosa ule mnong'ono wa zamani.

Ila maji, ndugu yangu! Unakumbuka yale ya pipa yalivyokuwa na rangi ya chai ya rangi? Sasa ni meupe. Paa lina kama mita 100 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu ni karibu lita 1,000, tukitoa yanayorukia nje ya gata. Mama haendi tena mtoni, na lile debe amelipandia sukuma.

Ukija Agosti beba blanketi nzito. Dari imefika nusu ya nyumba, na chumba chako ndicho kilichobaki.

Wako,
Kamau