Barua ya malalamiko: nirudishieni pesa mlizonitoza kwa mikopo yangu ya masomo

Machi 2026

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: ADA MLIYONITOZA NA NJIA MLIYOTUMIA KUITOA MIKOPO YANGU KATIKA HALI CHECHEFU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nadai mnirudishie dola 899 mlizochukua siku ya mkataba, pamoja na dola 39 ambazo mmekuwa mkizikata kwenye akaunti yangu kila mwezi tangu hapo. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha mliyoniuzia huduma yenu ya kushughulikia madeni ya masomo. Mkataba peke yake ndio uliokuja kwa Kiingereza.

Mikopo yenyewe ni ya serikali ya shirikisho ya Marekani. Niliichukua nikiwa chuoni kabla ya 2010, enzi ambazo mabenki yalikuwa bado yanakopesha wanafunzi kwa dhamana ya serikali. Mwaka 2025 ilipitisha siku 270 bila malipo, ikahesabiwa kuwa chechefu. Idara ya Elimu ilikuwa imeanza tena kufuatilia madeni ya aina hiyo tarehe 5 Mei mwaka huohuo, baada ya kusitisha tangu Machi 2020, na kila mwenye deni kama langu alikuwa roho juu. Nyinyi mlilijua hilo, ndiyo maana simu ikaja.

Kijana wenu aliniita dada, akanijulia hali, kisha akaniambia mambo matatu. La kwanza, kwamba serikali itaanza kuchukua nusu ya mshahara wangu wiki inayofuata. Sheria inaruhusu kukata hadi asilimia 15 ya kinachobaki baada ya makato ya lazima, na mdaiwa hupewa notisi ya siku 30 kabla, akiwa na haki ya kuomba kusikilizwa. Mimi sikuwa nimepata notisi yoyote. La pili, kwamba ananiingiza kwenye Fresh Start, mpango wa serikali wa kuwapa nafuu wenye mikopo chechefu, unaofungwa Ijumaa. Mpango huo ulifungwa mwanzoni mwa Oktoba 2024, yaani karibu mwaka mzima kabla hajanipigia. La tatu, kwamba mtu binafsi hawezi kushughulikia jambo hili bila kampuni iliyosajiliwa. Hilo ndilo lililonifanya nitoe namba ya kadi, na ndilo la uongo kuliko yote. Idara ya Elimu ina kitengo chake kinachoitwa Default Resolution Group. Unapiga simu, wanakueleza njia zilizopo, fomu unajaza mwenyewe kwenye StudentAid.gov, tovuti ya Idara hiyo, na hakuna anayekudai hata senti kwa kazi hiyo.

Kama lingekuwa suala la ada tu, pengine barua hii ingekuwa fupi. Kinachonikera zaidi ni njia mliyonichagulia.

Nilimweleza kijana wenu wazi, na naamini simu ilirekodiwa kwa sababu mashine yenu ndiyo iliyonitangazia hivyo, kwamba ninapanga kuomba mkopo wa nyumba na ninachotaka kwanza ni alama ya mkopo chechefu iondoke kwenye ripoti yangu ya mikopo. Kwa haja hiyo njia ilikuwa wazi: kuurekebisha mkopo. Mdaiwa anakubaliana na anayemdai kulipa mara 9 ndani ya miezi 10 inayofuatana, kila malipo yasichelewe zaidi ya siku 20 baada ya tarehe yake. Kiasi kinapangwa kwa kipato. Wanachukua mapato yako ya mwaka, wanatoa asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kwa ukubwa wa familia yako, kisha asilimia 15 ya kinachobaki inagawanywa kwa 12. Kwa mwenye kipato kidogo inaweza kushuka hadi dola 5 kwa mwezi, na hata hesabu hiyo ikikulemea, unaweza kuomba ipangwe upya kwa kuangalia matumizi yako. Ukimaliza, alama ya mkopo chechefu inafutwa. Rekodi za malipo yaliyochelewa kabla ya hapo zinabaki, sikatai, lakini ile alama inayomshtua mkopeshaji wa nyumba inaondoka.

Nyinyi mkaniunganishia mikopo. Kuunganisha ni haraka zaidi: mkopo mpya unalipa ile ya zamani, mdaiwa anakubali mpango wa kulipa kulingana na kipato, na hali chechefu inakwisha bila kungoja miezi yote ile. Kwa mtu anayetaka kurudi chuoni muhula ujao na anahitaji msaada wa masomo, huenda ndiyo njia bora. Ila historia ya mkopo kuwa chechefu haifutwi. Nilipouliza, nilijibiwa “ni kitu kilekile, dada.” Si kitu kilekile, na anayefanya biashara hii hawezi kudai hajui tofauti. Nadhani sababu ni moja tu: kuunganisha ni fomu ya mara moja, na ada inaingia siku hiyohiyo.

Sasa maji yamemwagika. Mkopo ukishaunganishwa haurudishwi ulivyokuwa, na ile mikopo ya zamani ambayo ningeweza kuirekebisha imeshalipwa, haipo tena.

Fomu yenyewe mliijaza nyinyi. Mlichukua jina na nywila ya akaunti yangu ya StudentAid.gov, mkatia sahihi ya kielektroniki kwa niaba yangu, wakati Idara ya Elimu inasema wazi kwamba akaunti hiyo ni ya mwenyewe tu. Kisha mkabadilisha barua pepe na namba ya simu, mkaweka zenu. Kwa hiyo taarifa kwamba malipo yangu kwenye mpango mpya ni dola 0 kwa mwezi kutokana na kipato changu ilitumwa kwenu, huku mimi nikikatwa dola 39 nikiamini nalipa deni. Hakuna hata senti moja ya pesa hizo iliyoufikia mkopo. Nimeithibitisha kwa wahudumu wa mkopo wenyewe.

Tangu Oktoba 2010, kanuni za Tume ya Shirikisho ya Biashara zinazuia kampuni zinazouza nafuu ya madeni kwa simu kupokea ada kabla ya masharti ya angalau deni moja kubadilishwa na mteja kulipa angalau mara moja chini ya masharti hayo. Nyinyi mlichukua dola 899 kabla fomu haijatumwa. Taarifa ya benki na nakala ya mkataba nimeziambatisha, tarehe zinaonekana.

Nimeshabadilisha nywila na kurudisha mawasiliano yangu, na benki imezuia makato yenu. Idhini niliyowapa ya kuniwakilisha naifuta kuanzia leo, kwa hiyo msiwasiliane na mtu yeyote kuhusu mikopo yangu. Pamoja na pesa zangu, nataka nakala ya rekodi ya mazungumzo ya siku ya mkataba na uthibitisho wa maandishi kwamba taarifa zangu binafsi, ikiwemo namba ya hifadhi ya jamii, zimefutwa kwenye mifumo yenu.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, malalamiko haya pamoja na viambatisho vyake yatakwenda Tume ya Shirikisho ya Biashara na ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo. Mnijibu kwa maandishi. Simu zenu sitapokea.

Wenu,

Mteja
(Jina na namba ya mkataba vimo kwenye nakala iliyoambatishwa.)