Barua kwa mwanangu: Pujini kwa baskeli

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku sote hatujambo. Baba yako anakusalimu, na bibi yako kila akiamka anauliza utafika lini. Nimesoma ujumbe wako kwamba utakuja likizo na wenzako wawili, na mnataka kuizunguka Pemba kwa baskeli. Nimefurahi sana. Ila nakuomba muanze na Pujini, mkitokea Chake Chake, ndipo mfikirie safari ndefu. Ni kilomita kumi hivi kwenda na kumi kurudi, gari ni chache, na kuna magofu ya kale ya kuona mkifika.

Wenzako waambie mapema: Pemba haifanani na Unguja. Unguja sehemu kubwa ni tambarare. Huku ni vilima na mabonde, na vilima vyenyewe ni vifupi lakini vimesimama. Unapanda dakika tatu, unateremka nusu dakika, unapita bonde la mpunga, unapanda tena. Kinachomchosha mtu hapa si umbali, ni gia. Mkiazima zile baskeli kubwa za breki za fimbo, hesabuni meno. Ikiwa na 48 mbele na 18 nyuma, kila mzunguko wa pedeli unaisogeza baskeli karibu mita 6. Hiyo ni nzuri kwenye tambarare, lakini kilimani inakatisha tamaa. Mwambie fundi afunge friwili, yaani gia ya nyuma, ya meno 22: mzunguko mmoja utakupeleka chini kidogo ya mita 5, na kilima ambacho ungekishukia kwa miguu utakipanda umekaa kitini. Cheni itataka kuongezwa pingili mbili, au gurudumu la nyuma lisogezwe mbele ikiwa nafasi ipo. Akimaliza, bonyeza cheni katikati kwa kidole. Icheze sentimita moja, isizidi moja na nusu. Ikikaza inakula gololi. Ikilegea inaruka meno, na huruka palepale unaposimama juu ya pedeli kukazana na kilima.

Sasa breki, na hapa nakuomba usinisome haraka. Kupanda kukikushinda utashuka usukume, lakini mteremko haukusubiri. Simama kando ya baskeli, ishike breki ya mbele peke yake, kisha isukume mbele kwa nguvu. Gurudumu la nyuma lazima linyanyuke. Ikiteleza badala ya kunyanyuka, raba zimekwisha au zimekuwa ngumu. Badilisheni, bei yake ni ndogo. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma: vuta baskeli kurudi nyuma, gurudumu lisizunguke. Rimu za chuma zikirowa hushika vibaya sana, kwa hiyo mvua ikinyesha bonyeza breki kidogo kidogo tangu juu ya kilima, raba zifute maji kabla hujazihitaji. Na tazama chini ya mteremko. Maji ya mvua hushusha mchanga ukajikusanya pale bondeni, karibu na kalvati. Punguza mwendo kabla ya mchanga, kisha achia breki uupite umenyoosha usukani. Anayefunga breki ya mbele akiwa tayari juu ya mchanga huanguka, hata akiwa hodari vipi.

Upepo wa matairi: kwa tairi la 28 kwa 1½ jazeni pauni 45 hivi, na kwa zile za milimani za 26 pauni 35 hadi 40. Pampu nyingi hazina kipimo. Bonyeza kwa dole gumba. Liingie kidogo sana, kama embe linaloanza kuiva.

Ondokeni Chake saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa hiyo hakuna jua kali na barabara ina watoto wa skuli tu. Salimieni, na msipige kengele mfululizo. Tokeni mjini kwa barabara kuu ya kusini, kisha mtaacha lami kuu kwa kukata kushoto, kuelekea upande wa mashariki. Ukiuliza "Pujini" utaelekezwa kijijini. Ukiuliza "kwa Mkama Ndume" utaelekezwa kwenye magofu yenyewe. Uliza hivyo, na uliza tena kila mnapokuta njia panda. Dakika kumi na tano hadi ishirini za kupotea kwenye mashamba ya muhogo si hasara, lakini zinakula ubaridi wa asubuhi.

Pale mtakuta boma la karne ya 15. Mtu asiyejua hupita akaona kichuguu kirefu chenye vichaka, akageuza baskeli. Kichuguu hicho ndicho ukuta. Ufuateni kwa miguu mzunguke wote, ndipo mtaelewa ukubwa wake, na ndipo mtaona ilivyo ajabu: miji ya kale ya Waswahili mingi ina misikiti, makaburi ya nguzo na nyumba za mawe, lakini boma la kujihami la namna hii, la kabla ya Wareno, ni nadra mno kwenye mwambao wetu. Mwenyewe anatajwa kuwa Muhammad bin Abdulrahman, aliyeitwa Mkama Ndume, yaani mkamuaji wa wanaume. Wasimulizi husema aliwafanya watu wabebe mawe huku wakijikokota kwa makalio. Tafuteni na kisima kilichogawanywa kwa ukuta. Husemwa kwamba Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiopatana: mmoja akiteka kwa ndoo na kamba upande wake, mwingine akishuka kwa ngazi upande wa pili, wasionane. Chukueni tochi, kuna chumba cha chini ya ardhi. Baskeli ziegemezeni mtini, kamwe si ukutani. Mawe yale ya matumbawe yameshikwa kwa chokaa iliyokaa karne nyingi mvuani, na usukani mmoja ukiteleza unaangusha kilichobaki.

Mkirudi Chake piteni Ngome Kongwe, iliyo na makumbusho madogo. Kuna watu husema uanze huko ndipo uende Pujini. Mimi naona heri uende Pujini kwanza na maswali yako, kisha uyaulize makumbusho.

Pancha mtapata. Mkitoa tyubu, kabla ya kuigusa gundi, pitisha vidole ndani ya tairi, taratibu, mzunguko mzima. Mwiba wa mlimau hukatika ukabaki kwenye mpira, hauonekani kwa nje, na mtu asiyeutafuta huziba tundu lake akaenda nusu kilomita, tairi likalala tena mahali palepale. Ukishautoa, kwaruza tyubu kwa msasa mpaka weusi wake upoteze kung'aa, paka gundi nyembamba kuzidi ukubwa wa kiraka, kisha subiri dakika tano. Ikigusika bila kunata kidoleni, bandika na ubonyeze kwa nguvu. Viraka vingi vinavyobanduka vimebandikwa gundi ikiwa bado mbichi. Fanyeni kazi hiyo kivulini, vumbi na jasho visiingie.

Mkipata nguvu ya siku ya pili, nendeni kaskazini. Ikiwa ni wakati wa kusi, kati ya Juni na Septemba, pandeni kutoka Chake kwenda Konde, upepo uwasukume mgongoni, na mrudi kwa daladala baskeli zikiwa zimefungwa juu. Ikiwa ni kaskazi, Disemba hadi Februari, geuzeni: daladala asubuhi, baskeli wakati wa kurudi. Karibu na Tumbe kuna magofu ya Chwaka, penye kaburi la Haruni, ambaye masimulizi humtaja kuwa mtoto wa Mkama Ndume. Mbele ya Konde ni msitu wa Ngezi. Lipeni kiingilio langoni na muulizie popo wa Pemba, ambao hawapatikani mwituni kwengine duniani. Baada ya msitu njia huwa ya mchanga. Hapo toeni upepo kidogo matairini, tairi lipanuke lielee, na mkumbuke kujaza tena mkirudi kwenye lami, la sivyo jiwe litabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yanayolingana.

Masika msije, Machi hadi Mei. Udongo mwekundu hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, na mtabeba baskeli badala ya yenyewe kuwabeba. Mkija msimu wa karafuu mtakuta zimeanikwa majamvini kando ya barabara, harufu yake inawapokea kabla hamjaziona. Hata gari likiwabana, msikanyage jamvi. Shukeni, simameni.

Maji lita mbili kila mmoja, na madafu njiani. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, kwani mnapita mlangoni mwa watu. Na ukija Ramadhani, mchana maji yanywewe mahali pa faragha.

Jambo moja nalihitaji kabla hamjapanda boti. Mkija na baskeli zenu badala ya kuazima, tazama ubavuni mwa tairi, pana namba, kama 26 kwa 1.95 au 28 kwa 1½. Nitumie za zote tatu, na useme pia tyubu ni za vali nyembamba au nene. Kama za kwetu dukani hazilingani, mzinunue huko mbili mbili kila mmoja.

Mama yako