Mbona tarehe na saa ya safari mwatupangia nyinyi?

Wiki hii tena swali hilo limetufikia, sisi tunaopeleka wageni kwa mitumbwi ndani ya mikoko. Dada mmoja katuandikia kwa hasira, ati shogake alikuja na sisi mwezi uliopita wakatoka saa tisa usiku, jua likawatokea wakiwa ndani ya mikoko, picha kibao, na yeye alipotaka safari ileile, Jumamosi hii, saa ileile, tukamwambia haiwezekani, asubiri Jumatano ya wiki ijayo. Akasema twamzungusha tu tumpandishie bei. Hayo malalamiko hayaishi kwa hivyo leo nayajibu kwa kirefu, na atakayeuliza tena nitamtumia hii asome.

Saa ya kuondoka yapangwa na maji. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa ndio mwanzo kuandama ndipo tuna bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na huku Mombasa maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi alfajiri, yakapwa mpaka mwisho saa nne hivi asubuhi. Hiyo ndiyo safari shogako aliyoipata. Tunaingia na maji yanayojaa, yanatusukuma yenyewe, tunapita vijia vya ndani kabisa katikati ya mikoko, maji yakitua twanywa chai hukohuko, halafu kunapopambazuka tunatoka nayo yakianza kupwa. Huna haja hata ya kuwa na nguvu.

Sasa wiki moja mbele ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana, na saa kumi alfajiri ndiyo kwanza yako chini. Vile vijia vya ndani ni matope matupu na mizizi. Nikikupeleka siku hiyo nitakupitisha mkondo mkubwa tu, utaona mikoko kwa mbali, kisha uende useme tumekuibia. Afadhali nikukatalie leo ukasirike.

Asiyeamini aangalie kalenda ya Kiislamu nyumbani kwao. Tarehe 14 mpaka 17, na tena 29 mpaka 2, ndizo siku zetu. Jedwali la maji la bandari ya Kilindini pia lipo, sisi twalitumia, lakini wazee wa hapa walihesabu kwa mwezi kabla hilo jedwali halijachapishwa.

Na hata hayo mabamvua mawili ya mwezi mmoja si sawa. Kuna kaka alilalamika kwamba tuliweka picha za maji yanang'aa kila ukipiga kafi, akaja, hakuona kitu. Alikuja mwezi mpevu! Ule mng'ao ni wa viumbe vidogo sana vya baharini, ukivitikisa vyatoa mwanga, na mwezi ukiwa juu huwezi kuuona. Mwenye kutaka hayo aje bamvua la giza. Mwenye kuogopa giza aje la mbalamwezi. Hili huwa twauliza kabla hujalipa, tafadhali soma ujumbe wote, usijibu "sawa" tu.

Njia ya mkato tunayoiona sana ni hii: mteja akikataliwa tarehe aenda ufuoni atafute kijana mwenye mtumbwi, bei nusu, hakuna maswali. Sisemi vibaya juu ya wavuvi, mimi mwenyewe nimefunzwa kafi na wavuvi na hakuna anayejua bahari kama wao. Lakini mvuvi humpeleka mtu anakotaka kwenda, na mteja ndiye hajui anakotaka kwenda. Kuna kikundi cha wafanyakazi wa ofisi moja walifanya hivyo ndani kule Mtwapa Creek, wakaingia maji yamejaa vizuri, wakashuka kwenye kijichanga wakapiga picha, wakafungua chakula, jua likapanda, wakija kugeuka mitumbwi imekaa kwenye tope. Ukishuka tope lakufika magotini, ukishika mizizi kuna chaza wanakata kama wembe, na mmoja alikuwa na ndara za kawaida, moja ikabaki chini. Wakakaa mpaka saa tisa mchana maji yaliporudi, na maji ya kunywa yalikuwa chupa mbili. Waliotuhadithia ni wao wenyewe, walipokuja kulipa safari ya pili, kwa hivyo hapo hesabu mwenyewe kama ile ya kwanza ilikuwa rahisi.

Ya pili ni kukataa kulala kambini kabla ya safari. "Hatutaki hema, tutakuja alfajiri moja kwa moja tupunguziwe." Safari zetu nyingi ni Gazi, kusini, na mtu wa Nyali au Bamburi ana kivuko cha Likoni mbele yake na njia yote ile ya Kwale usiku. Ukichelewa nusu saa tu, maji hayakungoji, na wenzako waliolala pale washavaa majaketi washakaa mitumbwini wanakuangalia wewe. Ndiyo maana hema liko ndani ya bei, wala hatulitoi.

Na hema twalipiga sisi mahali tunapopajua, juu ya alama ya bamvua. Kuna bwana mmoja alikuja na hema lake, akaona mchanga laini sawasawa karibu na maji, akaambiwa na vijana mara ya kwanza, mara ya pili, akasema yeye ameshapiga kambi milimani. Saa tisa usiku godoro lalowa. Usiku uleule akahamia juu na tukamkaushia nguo kwa jiko, kuni za mikoko hatukati, twaenda na makaa yetu.

Sasa bei. Watu waona mtumbwi na makafi mawili waona ni pesa ya bure. Siku moja kabla vijana wetu hupita njia nzima mchana, kwa sababu mchanga huhama na mti ukianguka usiku hauonekani. Kila mitumbwi miwili ina mtu wetu mbele na mtu wetu nyuma. Mitumbwi yenyewe hupandishwa, ikapigwa moto chini kuua wadudu wanaotoboa mbao, ikapakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na siku hizo haiingizi hata shilingi. Kijiji nacho kina haki yake, Gazi na Makongeni wameitunza mikoko ile wenyewe, tangu 2013 wauza kaboni yake, yaani walipwa kwa hewa chafu ambayo mikoko huinyonya, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja na pesa zaenda kwa maji na shule, siwezi kupita hapo na wageni bila kutoa chochote.

Msiniombe pia niweke watu wanne kwenye mtumbwi wa wawili ili mgawane gharama. Ukingo wabaki vidole viwili juu ya maji, mmoja akigeuka kupiga picha mwaingia wote. Laifu jaketi nayo huvaliwa, haikaliwi, hata na anayejua kuogelea.

Mwezi wa 6 mpaka wa 8 kusi hukaza sana, asubuhi umande ukiisha tu upepo waamka, kwa hivyo miezi hiyo twarudi mapema na mara nyingine twaahirisha usiku uleule. Tukiahirisha sisi pesa yako iko salama, wachagua bamvua jingine. Ukiahirisha wewe mkesha wa safari, chakula kishanunuliwa na kijiji kishalipwa, hiyo sehemu hatuwezi kurudisha. Ukituandikia, tuambie mwezi unaotaka na muko wangapi, na kama wataka giza au mbalamwezi, tutakurudishia tarehe zilizopo.