Video ikivuja muulizeni kwanza mwenye mwili

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikaa rohoni. Kuna binti tulikua tunasuka nae saluni moja huku Mbagala, jamaa yake wa zamani baada ya kuachwa akarusha video yao kwenye magrupu ya WhatsApp, kufika mchana mtaa mzima unaulizana "unayo koneksheni?", yaani hiyo video ya ngono iliyovuja, mpaka mteja niliyekua namsuka anaangalia kwenye simu yake na yule binti kakaa palepale, rasta mkononi, anatetemeka. Nikamsindikiza kituoni. Afande akaomba aione hiyo video, akaita na wenzake wawili, halafu akamwambia awe mpole maana hata yeye anaweza kushtakiwa kwa uchafu.

Nikaitafuta Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 14, anayesambaza ponografia faini isiyopungua milioni 20 au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Ni adhabu kali kweli, ila kinachoangaliwa pale ni uchafu wa picha, hakiulizi aliyemo alikubali isambazwe au la.

Wanawake wa Marekani waligombana sana kuhusu hili. Mwaka 1983 watetezi wa haki za wanawake Andrea Dworkin, mwandishi, na Catharine MacKinnon, mwanasheria, waliandikia mji wa Minneapolis sheria ndogo ili mwanamke aliyeumizwa na ponografia afungue mwenyewe kesi ya madai alipwe fidia, meya akaigomea, Indianapolis wakaipitisha 1984 mahakama ikaitupa. Na waliowapinga walikuwemo watetezi wa wanawake wenzao, kina Ellen Willis, waliona hizi vita za kupinga uchafu mwisho zinamrudia mwanamke mwenyewe.

Kwa niliyoyaona pale kaunta, Willis hakukosea. Lakini Dworkin nae alikua sahihi kwamba aliyeumizwa apewe kesi iwe yake. Wabunge wetu waliweke neno ridhaa kwenye hicho kifungu, na Dawati la Jinsia wapokee malalamiko bila video kuzungushwa kwa askari kama picha za harusi.

Binti kahamia kwa shangazi yake, laini kabadilisha. Juzi kanipigia analia, kuna mtu kamtumia ileile video kwenye namba mpya.

Msusi, Mbagala, Dar es Salaam