Riwaya za wanawake wa kale: tazameni chungu kwanza

Bwana Mhariri,

Inatuuma kusoma riwaya ya mwanamke wa Upemba, bonde la maziwa huku Katanga, wa mwaka 1100 anayesonga bukari (ugali) ya mahindi na kupika sombe (majani ya muhogo). Mahindi, muhogo, karanga, pilipili, hata tumbaku, vyote vilitoka Amerika baada ya 1492. Waandishi, mpeni mtama au ulezi, na samaki wa ziwani. Kosa hilo huharibu sura nzima, maana muhogo hulowekwa siku kadhaa, mtama hausubiri. Siku ya mhusika hubadilika.

Makaburi ya kale ya Sanga, hukohuko Upemba, yaliyochimbwa kuanzia 1957, yametoa vyungu na mapambo ya shaba: mvisheni hayo. Misalaba ya shaba, iliyotumika kama fedha, huonekana kwa wingi baada ya 1300, basi msimlipie mahari kwayo.

Wapenzi wa historia,
Lubumbashi