Wanaosuluhisha kila siku ndio hawafundishwi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, nalo ni haya mafunzo ya usuluhishi wa migogoro. Kila mara nasikia kuna semina mahali, kuna bango limefungwa, kuna picha ya pamoja watu wamejipanga mbele ya ukumbi, ukiangalia waliokaa kwenye viti ni mameneja, ni maafisa wa wilaya, ni wakubwa wa taasisi, lakini wale ambao ugomvi unawafikia asubuhi ukiwa bado wa moto, supavaiza wa kiwandani, mwakilishi wa wafanyakazi, mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji, laigwanani yaani kiongozi wa kimila wa Wamasai, hao huwaoni. Mimi nimekuwa huku na huku, nimefanya kazi kiwandani Morogoro mjini miaka kumi na moja na saa hizi nimerudi kijijini kwetu wilaya ya Kilosa na ni mjumbe wa baraza la ardhi, kwahiyo haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu.

Nianze na kiwandani, jina la kiwanda naomba nisilitaje. Kulikuwa na dada mmoja kwenye laini yetu ya kufungasha, mchapakazi kweli kweli, wiki moja akachelewa mara tatu. Supavaiza hakumuita pembeni, alimsema pale pale mbele ya watu, akamwambia kama amechoka kazi kuna watu mia getini wanaitaka. Dada akavua aproni akaitupa juu ya mashine. Basi. Siku hiyo hiyo akapewa barua ya kuachishwa kazi, hakuna kikao cha nidhamu, hakuna nini, wakati kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema wazi mfanyakazi apewe tuhuma zake na muda wa kujiandaa usiopungua masaa 48 na aje na mwakilishi wake. Mimi ndiye nilikuwa mwakilishi na sikuitwa.

Tukaenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tukajaza fomu namba moja, bahati nzuri tuliwahi maana kwa mambo ya kuachishwa kazi una siku 30 tu, zikipita unaanza kuomba uongezewe muda na hapo wengi ndio wanakwama. Msuluhishi tuliyepangiwa alikuwa mtu mpole sana, wala hakuuliza nani ana kosa. Alimuacha meneja akaongea mpaka akaishiwa, halafu akamgeukia dada akamwambia hebu niambie wewe umesikia amesema nini, siyo umjibu, niambie tu umesikia nini. Akarudia hivyo hivyo kwa upande wa pili. Mhariri, hapo ndipo meneja alisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtoto wa yule dada alikuwa amelazwa wiki nzima na kwamba supavaiza alikuwa ameambiwa. Nilimuona anafunga faili lake taratibu akaliweka chini. Baada ya hapo msuluhishi akawatenganisha, huyu chumba kile, huyu chumba hiki, yeye akawa anakwenda na kurudi, na kabla ya saa nane walikuwa wameshasaini makubaliano, dada akapata stahiki zake na cheti cha utumishi kisafi. Kazini hakutaka kurudi tena. Alisema hawezi kusimama kwenye ile laini watu wakimwangalia.

Nikawa najiuliza njia nzima kwenye daladala, hivi kama supavaiza angejua kufanya robo ya alichofanya yule msuluhishi, si ingeishia pale pale kwenye mashine, dakika kumi, na kiwanda kingebaki na mfanyakazi wake mzuri? Baada ya kesi uongozi wakaamua kuwe na mafunzo ya kutatua migogoro, nikafurahi, kumbe waliokwenda ni wakuu wa idara tu, siku moja, hotelini, na masupavaiza wote walibaki kwenye laini kwasababu uzalishaji usisimame. Mtu aliyewasha moto ndiye aliyeachwa nyuma!

Mimi mwenyewe nilikuja kubahatika baadaye, mafunzo ya siku tano ya wawakilishi wa wafanyakazi. Siku ya kwanza nilidhani nitakuwa hodari maana kwetu nimezoea kuamulia watu. Viti vitatu vimewekwa katikati, wawili wanaigiza ugomvi, wa tatu ndiye msuluhishi, na kila nikifungua mdomo kusema "mimi naona ufanye hivi" mwalimu anagonga meza, kaa chini, aje mwingine. Nilikalishwa mara nne. Nilikuwa nimefika umri wa miaka arobaini na tatu sijui kumsikiliza mtu bila kumpangia la kufanya. Sasa hicho kitu huwezi kukipata kwa kusomewa slaidi kwenye projekta, ni mpaka ukosee mbele ya mtu anayejua, akurudishe, ukosee tena.

Nikahamia kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji ukanipitisha kwenye baraza la ardhi, na sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema wajumbe saba na wasiopungua watatu wawe wanawake, mimi nikawa mmoja wa hao watatu. Miezi ya mwanzo kila kikao kikianza tunaambiwa kina mama angalieni chai. Tukawa tunakwenda kuangalia chai, tukirudi shauri limeisha! Hilo nalo ni jambo la mafunzo, maana namba ya wanawake iko kwenye sheria lakini hakuna aliyewahi kukaa na wenzetu wanaume akawaeleza tuko pale kufanya nini, na sisi pia hakuna aliyetueleza kwamba tuna haki ya kusema chai isubiri.

Kingine kikubwa zaidi. Kazi ya baraza letu kisheria ni kusuluhisha. Hata baraza la kata ambalo zamani lilikuwa linasikiliza mashauri ya ardhi na kutoa maamuzi, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, sasa hivi kwenye ardhi kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa linatoa hati ya kuonyesha kwamba limeshindwa ndipo mtu aende baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na zikipita siku 30 bila usuluhishi kufanyika mtu anaruhusiwa kuendelea mbele. Hayo ni mabadiliko makubwa sana. Lakini nilikohudhuria mimi bado wazee wanakaa mezani wanauliza maswali kama polisi halafu wanasoma "hukumu", na siwalaumu hata kidogo, ndivyo walivyofanya miaka yote, nani alikuja kuwaambia kwamba kuhukumu na kusuluhisha ni kazi mbili tofauti, na kwamba kwenye kusuluhisha wenye ugomvi ndio wanaopika dawa, wewe unashika tochi tu?

Na huku kwetu Kilosa siyo mahali pa kufanyia hayo majaribio. Desemba 8 mwaka 2000 pale Rudewa Mbuyuni waliuawa watu 38 katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Watu wa umri wangu tunaikumbuka asubuhi ile. Ukifuatilia mengi ya haya yanavyoanza utakuta ni ng'ombe wameingia shambani, wakakamatwa, wakatozwa faini, mwenye ng'ombe akaona ameonewa, mwenye shamba akaona amedharauliwa, na katikati hakukuwa na mtu wanayemwamini wote wawili.

Nitoe mfano wa kwetu. Mwaka juzi alikuja mkulima, mahindi yake kama eka mbili yameliwa, anataka fedha yote leo na ng'ombe wasipite tena. Upande wa pili familia ya kifugaji, na msemaji wao akawa mama mzee ambaye Kiswahili hakipandi, anaongea Kimaa, lugha ya Wamasai. Tukatafuta mkalimani, akapatikana kijana. Yule mama akaongea, jamani akaongea, anaonyesha kwa mkono kule mtoni, anagusa miguu yake, anahesabu kwa vidole, dakika tano nzima, kijana akatugeukia akasema: "Anasema hajui." Watu wakaguna. Tungekuwa tunahukumu ingeishia hapo, hajui, alipe. Nikaomba tusimame, tumtafute mtu mwingine wa kutafsiri sentensi kwa sentensi, akaja binti mmoja anayefundisha shule ya msingi. Kumbe mama alikuwa anaeleza kwamba njia ya mifugo kwenda mtoni waliyopita tangu yeye ni mwali imelimwa kutoka pande zote mbili mpaka imebaki upana wa ng'ombe wawili, na vitoto vinavyochunga haviwezi kuzuia kundi mahali pembamba vile, na kwamba yeye mwenyewe alikwenda kumwambia mwenye shamba akakuta amesafiri.

Mkulima akakaa kimya. Halafu akasema kweli nilisafiri.

Basi tukaenda shambani wote kwa miguu, na afisa ugani akapima hasara, mzee mmoja laigwanani akatembea mbele akionyesha njia ilipokuwa, mkulima naye akaonyesha aliposogeza, hakubishana sana, na tukapigilia vigingi vya upana ambao ng'ombe wanapita bila kugusa suke. Fidia ililipwa kwa mafungu mawili, la pili baada ya mnada. Kabla hatujaachana yule laigwanani akainama akang'oa majani mabichi, akayashika mkononi bila kusema kitu, na kwa Wamasai majani ni amani, akamgawia na mkulima. Mkulima ni Mkaguru, sijui kama alijua maana yake kabla ya siku ile, lakini aliyashika mpaka tulipofika barabarani. Vigingi vipo mpaka leo.

Nasema haya kwasababu mafunzo mengi yanakuja kama vile jamii zetu za asili hazina chochote, wao wanakuja kutufundisha sisi, kumbe yule mzee ana shule yake, ameanza kukaa na kusikiliza wakubwa tangu akiwa kijana na rika lake ndilo lililomchagua. Kwanini mwalimu wa usuluhishi asimuombe mzee kama huyo afundishe naye siku moja? Na mzee naye apate kusikia ya upande wa pili, mfano kwamba kwenye kikao chake wanawake hawasikiki na kwamba mama kama yule alikuwa na habari yote ya kesi kichwani.

Wenzetu wa Kenya wametuonyesha hilo. Kule Wajir mwaka 1993 koo zilikuwa zinauana, na walioanza kuzima ule moto ni kina mama, mmoja wao Dekha Ibrahim Abdi, wakaanzia sokoni, kwamba mwanamke wa ukoo wowote aje auze na anunue bila kubughudhiwa na wao wenyewe wakasimamia hapo sokoni kuona linafanyika. Baadaye wakaingia wazee, wakaingia vijana, wakaingia watu wa serikali, mwaka 1995 ikawa kamati ya wilaya ya amani na maendeleo. Dekha akaja kufundisha usuluhishi nchi nyingi na mwaka 2007 akapewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood, Mungu amrehemu alifariki 2011. Alikuwa ameshasimama sokoni kabla hajasimama mbele ya darasa.

Kuna jambo moja lazima liwemo kwenye mafunzo yoyote, nalo ni yapi yasisuluhishwe. Binti amebakwa, familia mbili zinakaa, inatolewa mbuzi na fedha, wanasema "tumeyamaliza kifamilia". Hapana. Hiyo siyo suluhu, ni jinai na mahali pake ni polisi na mahakamani. Na kazini vile vile, bosi amemshika mfanyakazi kwa nguvu halafu afisa utumishi anawakalisha eti wapatane washikane mikono! Nimeshaletewa shauri la namna hii na wazee wenye nia nzuri kabisa, wakidhani wanalinda amani ya kijiji, na nilipokataa baadhi yao hawakunisalimia miezi miwili. Msuluhishi asiyejua mpaka wake anaweza kumuumiza mtu mara ya pili.

Ninachoomba kwa halmashauri na waajiri ni kitu kidogo. Waajiri, msiwapeleke hotelini wakuu wa idara peke yao, chukueni masupavaiza na wawakilishi wa wafanyakazi pamoja, chumba kimoja, maana kesho ndio watakaogombana, na muwape siku za kutosha za kufanya mazoezi siyo za kusikiliza hotuba. Halmashauri, wajumbe wa mabaraza wakishapitishwa wafundishwe kabla hawajapokea shauri la kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, pale pale kijijini chini ya mti wao, na wakalimani wafundishwe nao. Bei ya ukumbi na chai ya siku moja mjini ingetosha kumleta mwalimu mmoja kijijini wiki nzima.

Muhula wetu wa miaka mitatu unakaribia kwisha. Watakuja saba wengine na watarithi benchi, daftari la mashauri, na kesi mbili za mipaka ambazo hatujazimaliza. Mpaka naandika barua hii hakuna ratiba yoyote ya kuwafundisha, kwahiyo mimi na wenzangu wawili tumekubaliana tutakaa nao kila Jumamosi jioni mpaka wazoee, yule mwalimu binti amekubali kuja, laigwanani naye amesema atakuja akishanywesha mifugo. Viti vitatu tunavyo.

Mjumbe wa baraza la ardhi la kijiji,
Kilosa, Morogoro.